Mume Wangu Hana Meno

Simu ya shule ilinikuta nimelala chali chini ya pikapu. Nafanya kazi kwenye gereji ya kunyoosha bodi huku Cato Manor, Durban, na mikono yangu ilikuwa imejaa grisi, kwa hiyo niliipokea kwa kidole cha mwisho. Mwanamke akaniambia kwa Kiingereza, kwa upole mwingi, kwamba binti yangu hajambo, hajaumia, haumwi, ila mimi na mama yake tunaombwa tufike shuleni leo, na ikiwezekana sasa hivi. Upole ule ndio ulionitisha. Mtoto akivunja dirisha hawakuiti kwa sauti ile.

Mke wangu anatunza wazee katika nyumba moja ya wazee Westville. Aliomba ruhusa, tukakutana kwenye geti la shule, Sydenham, yeye na sare yake ya kazi, mimi na ovaroli. "Kafanya nini?" aliniuliza. Nikamwambia labda kampiga mtu. Kusema kweli nilikuwa naomba iwe kampiga mtu.

Ofisini walikuwepo watatu: mwalimu mkuu, mwalimu wake wa darasa, ambaye ni msichana mdogo tu na macho yake yalikuwa mekundu, na mama mmoja wa makamo mwenye kalamu, tuliyeambiwa ni wa ustawi wa jamii. Mezani palikuwa na boksi la tishu, limesogezwa upande wetu.

Wakatueleza. Kila Jumatatu asubuhi watoto hukaa kwenye zulia, na mmoja mmoja husimama kutoa habari za nyumbani: tumenunua mbwa, tumekwenda ufukweni, mama amejifungua. Binti yangu, ana miaka saba, alisimama akasema kwamba mume wake anakuja kutoka Tanzania kwa ndege. Mume wangu ni mzee, akasema. Mume wangu hana meno. Ananiletea khanga, na amesema kama kuna mvulana ananiangalia atamchapa bakora. Mtoto mmoja akamuuliza kama kweli ana mume. Akajibu kwamba anaye tangu siku aliyozaliwa, ni babu yake.

Wewe unayesoma haya kwa Kiswahili umeshacheka, najua. Mimi pia nilicheka, kwa sauti, kichwa nyuma. Lilikuwa kosa la kwanza nililofanya mle ofisini, na yule mama wa kalamu akaliandika.

Nikajaribu kueleza. Kiingereza changu ni cha gereji, kinatosha kuagiza vipuri na kubishana na wenye magari. Nikasema ni utani. Wakauliza, utani wenyewe ni upi? Nikasema utani ni kwamba yeye ni mke wake. Nikasema kwetu kila babu ni mume wa mjukuu wake. Mwalimu wa darasa akavuta tishu. Nikasema hapana, sikilizeni, mzee anacheza naye tu, na hapo nikaiona kalamu inakwenda mbio na mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Kila neno nililoleta kuliokoa lililotangulia lilizidi kulizamisha. Jasho lilinitoka mpaka kiunoni.

Mke wangu akaingilia kati. Yeye akikasirika huongea polepole. Aliwaambia kwamba baba mkwe wake ameonana na mtoto huyu ana kwa ana mara moja tu, akiwa bado ananyonya, na kwamba mengine yote ni ya kwenye simu, mbele yetu. Yule mama akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akauliza swali moja ambalo siwezi kuliandika hapa. Lilihusu baba yangu na mikono yake. Nikainuka. Sijui nilikuwa nainuka niende wapi, ila mke wangu alinishika ovaroli kwa nyuma nikakaa.

Niseme na hili, kwa sababu nimelifikiria sana tangu siku ile. Hawakuwa watu wabaya. Mji huu una watoto walioumizwa na watu wao wenyewe, ndani ya nyumba zao wenyewe, na mwalimu asiyeuliza ndiye wa kuogopwa. Kama mtoto wa mtu mwingine angesema maneno yale, nami sijui utani ni kitu gani, ningetaka aulizwe. Hayo nayajua, na bado nilitaka kuipindua ile meza. Mpaka sasa sijui niseme nini juu ya siku hiyo, maana nikianza kuwatetea nakasirika, na nikianza kukasirika nawatetea.

Baba yangu ni mstaafu wa reli, anaishi Korogwe, na mama alishatangulia zamani. Kila Jumamosi hupiga simu ya video, ameishika karibu mno na uso hivi kwamba tunaona pua na paji tu. Tangu binti huyu azaliwe salamu yake kwangu ilikuwa moja: "Shikamoo baba mkwe. Mke wangu yupo?" Na mimi, mwanawe wa kumzaa, nilikuwa namwitikia, "Marahaba. Mahari je?" Alikuwa anasema jogoo yuko njiani, amechoka, amepumzika Mbeya. Basi mtoto anaruka kutoka aliko anakuja kuninyang'anya simu. "Babu, meno yako iko wapi?" Na mzee: "Nimeyatunza kabatini, mke wangu, nitayavaa siku ya harusi." Mtoto alikuwa anacheka mpaka anakaa chini.

Mimi mwenyewe nimewahi kuwa mume wa mtu. Bibi yangu mzaa baba aliniita mume wake tangu natambaa, na siku ya harusi yangu alikaa mlangoni, khanga kaifunga kiunoni, akagoma kabisa bi harusi asipite mpaka mke mkubwa aheshimiwe. Watu walivunjika mbavu. Mke wangu alipiga magoti, akambembeleza, akaruhusiwa. Baadaye nilimkuta bibi nyuma ya nyumba anafuta machozi kwa pindo la khanga, na nikakaa naye kidogo. Nilimkumbuka mle ofisini. Nilijiuliza angeandikwa vipi.

Na wazee wa Kizungu wa kule kazini kwa mke wangu wanamwita dalingi. Wanamwita mpenzi, wanamwita kipenzi cha moyo, kuanzia asubuhi mpaka anavua sare, na hakuna hata mmoja anayeshika kalamu. Nilimwambia hivyo tulipokuwa tunarudi nyumbani. Akaniambia ninyamaze niangalie robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, imegeuka kijani.

Kitu kingine kilichonichanganya ni kwamba mtoto wetu alikuwa ameyatoa maneno yale kwa Kiingereza safi. Ukitaka kujua tunavyoishi, ni hivi. Sisi wazazi tuna Kiswahili, na tulipomzaa tuliapa kwamba nyumbani kwetu kitakuwa hicho tu. Lakini zamu zetu za kazi ni za ovyo, na tangu akiwa na mwaka mmoja mtoto amelelewa na jirani wa ghorofa ya chini, mama wa Kikongo anayesuka nywele sebuleni kwake. Pale ndani ni Kifaransa: watoto, wateja, redio, maombi ya chakula. Ukipata Kiswahili pale ni kile chao cha Bukavu. Kwa hiyo binti yangu ana Kiingereza cha shule, Kizulu cha uwanja wa kuchezea, na Kiswahili kinachomfanya babu yake aulize, "Mwanangu, huyu umemzaa au umemwokota Kongo?" Ila lugha ya kuchekea ni Kifaransa. Wanasesere wake wanagombana kwa Kifaransa. Mimi nasimama mlangoni kwake na bakuli la uji, nasikia ugomvi mkubwa unaendelea, na sijui nani kamkosea nani.

Yule mama wa ustawi wa jamii alikuja nyumbani. Aliangalia vyumba, akauliza mgeni atalala wapi, akakaa na mtoto chumbani mlango umefungwa, sisi tukakaa jikoni tunaangalia birika. Alipotoka alikuwa anatabasamu. Alisema hakuna tatizo lolote aliloliona, mtoto ni mchangamfu, anampenda sana babu yake. Ila kwa usalama wa mtoto, na kwa usalama wa mzee mwenyewe, ingekuwa vizuri akija wasiachwe peke yao, na lile neno lisitumike tena. Alinipa mkono nikamshukuru. Sijui nilikuwa namshukuru kwa lipi.

"Neno limekufa," mke wangu akasema mlango ulipofungwa. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na haki. Tuko hapa kwa vibali.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwambia mtoto. Nilimkalisha kitandani kwake.

"Babu akija utamwita babu, sawa? Usiseme tena mume."

"Mais, babu ni mume yangu."

"Ni babu yako. Mume ni wa watu wakubwa."

"Donc babu alinidanganya?"

"Hakukudanganya. Alikuwa anakutania."

"Kutania iko mbaya?"

"Si vibaya."

"Basi kwa nini ile mama ilikuja?"

Nikamwambia alale. Mchana ulikuwa bado mweupe, na akanitazama nilivyostahili kutazamwa.

Kumwambia baba kulinishinda kabisa. Jumamosi ya kwanza nilijifanya mtandao mbovu. Ya pili mke wangu alisimama nyuma yangu, hakuna pa kukimbilia. "Shikamoo baba mkwe," mzee akaanza, "mke wangu—" nikamkata. Nikamwambia, baba, mtoto amekua sasa. Anaona haya. Huko shuleni wenzake wanamcheka. Basi bora tumwite mjukuu.

Niliona paji la uso halisogei kwenye kioo.

"Anaona haya kwa babu yake?"

"Huku hawana huu utani, baba."

"Watu gani hao wasiotaniana na wajukuu? Sasa wazee wao wanacheka na nani?"

Ningemwambia nini? Nimwambie kwamba kuna ofisi, mbali na Korogwe, ambamo watu watatu wameulizana juu ya mikono yake? Mikono iliyonilea mimi? Afadhali aamini kwamba mjukuu anamwonea haya. Niliupima uongo huo na ukweli wenyewe, nikaona uongo utamuuma kidogo. Nilipima vibaya, au labda sikupima vibaya, sijui. Mzee akasema, "Haya, mwanangu. Nchi ya watu." Tangu siku hiyo hakuniita tena mkwe.

Ikabidi tumfundishe mtoto jambo jingine la kufanya mahali pa lile lililoondolewa, tukachagua shikamoo. Ilituaibisha kwamba hakuwa ameizoea. Kwa mama wa Kikongo watoto wanasalimia kwa mashavu, na kwenye simu na babu yake hapakuwa na nafasi ya shikamoo, kulikuwa na meno na jogoo. Basi tukamfanyisha mazoezi. Mke wangu anatoka nje anapiga hodi, anaingia ameshika mwavuli kama fimbo, mtoto anainama: "Shikamoo babu." Mke wangu kwa sauti nene: "Marahaba, mjukuu wangu." Walicheka sana, mimi nilicheka, na nikafikiri tumeshapata njia.

Uwanja wa ndege baba alitoka na koti la sufu, mtu kamdanganya kwamba Durban kuna baridi. Ni mdogo kuliko ninavyomkumbuka. Alimwona mjukuu wake, akaachia begi, akafungua mikono yote miwili na mdomo ukafunguka, na nilijua neno gani liko tayari mle mdomoni. Kisha akanitazama mimi. Akaufunga. Binti yangu akatembea mpaka mbele yake, akainama vizuri kuliko kwenye mazoezi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Wakasimama. Mtu asiyejua angesema, hebu ona mtoto alivyolelewa. Mke wangu alikuwa ameniminya mkono. Mzee alimshika mtoto kichwani kidogo, akaondoa mkono upesi, akaokota begi lake. Safari nzima ya kurudi alitazama nje na kusifia barabara.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya adabu tupu. Nyumba ilijaa tafadhali na ahsante. Khanga ilitolewa kwenye begi na kukabidhiwa mbele yetu sote, kama zawadi ya ofisini. Baba alikaa kwenye roshani anatazama magari, mtoto akipita anamsalimia, akirudi anamsalimia tena, mpaka mzee siku moja akaniambia, "Mwanao ana heshima sana," akasema hivyo huku anatafuta miwani ambayo ilikuwa usoni kwake. Nilitaka kumweleza kila kitu pale pale. Nikamuuliza kama anataka chai.

Lakini sisi tunakwenda kazini, na tulikuwa tumeambiwa wasibaki peke yao. Hilo mke wangu alilishikilia kwa meno. Kwa hiyo baada ya shule mtoto alikwenda kwa mama wa Kikongo kama siku zote, na mzee naye tukampeleka huko huko. Tulimwambia asikae mwenyewe ghorofani, atachoka. Alikwenda na bakora yake na kofia yake ya viua, akapewa kiti karibu na dirisha, kati ya wateja wanaosukwa rasta na watoto wanaotambaa na vitana. Nilimwonea huruma. Baba yangu hajui hata neno moja la Kifaransa, nikafikiri, atakaa kama gunia.

Basi akaanza kubadilika. Kwanza alirudi anasema mersi akipewa maji. Halafu akawa anatangulia mwenyewe kushuka, mtoto hajatoka hata shule. Alinyoa ndevu. Siku moja nilimuuliza wanafanya nini kule, akasema, "Tunazungumza," na hakuongeza kitu. Mtoto nilimuuliza, akasema, "Rien." Hilo nalijua, maana yake hakuna kitu, huambiwa kila siku.

Siku moja niliwahi kutoka gereji, nikapitia kwa mama wa Kikongo kuwachukua. Nikiwa kwenye korido nilisikia kicheko. Mtoto alikuwa anacheka kile kicheko cha kukaa chini, ambacho nyumbani kwangu kilikuwa kimekwisha. Na sauti ya baba, chini kidogo, inasema neno ambalo silijui. "Mafamu," anasema. "Mafamu." Mtoto anajibu kitu, wanacheka tena.

Nilisimama, mkono umeinuliwa kupiga hodi, sikupiga. Nitasema ilivyokuwa. Niliona kalamu ile. Niliona boksi la tishu. Mzee wa watu, baba yangu, anamwambia mtoto wangu maneno nisiyoyaelewa, na mtoto anacheka kwa siri, na kwa muda wa kuvuta pumzi moja mimi mwenyewe niliuliza lile swali ambalo siwezi kuliandika. Niliogopa, kisha nikajichukia. Nikagonga mlango kwa nguvu mno. Walipofungua kila kitu kilikuwa wazi, wanawake wanne, mvuke wa maji ya kuchomea rasta, mtoto amekaa sakafuni na baba kitini kwake, wote wawili wamenyamaza. Mtoto akainuka akainama.

"Shikamoo baba," akaniambia. Hajawahi kuniamkia hivyo kabla.

Sikuwauliza. Mzee alikuwa anacheka, hilo ndilo nililokuwa nimelitaka, na sikuthubutu kuligusa. Pia niliogopa nikiuliza ataona usoni kwangu kwamba nilisimama mlangoni. Zile siku zilizobaki nililala vibaya.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza sote. Pale kwenye mlango wa wasafiri alinikumbatia, akamuaga mkwewe, kisha akamgeukia mtoto. Nilijitayarisha kwa shikamoo na marahaba. Mtoto akasimama wima, hakuinama hata kidogo, akaweka mkono kiunoni.

"Orevwa, monmari," akasema.

Mzee akavua kofia. "Orevwa, mafamu," akajibu, kwa Kifaransa cha Korogwe, kila silabi imekanyagwa vizuri. Mtoto akajitupa kwenye miguu yake, na mzee, bila kututazama mimi wala mke wangu, akambeba juu mpaka nilihofia mgongo wake.

Kwenye gari nilimuuliza mtoto, kana kwamba sijali, yale maneno maana yake nini.

"Ni salamu tu, baba," akasema. Alikuwa anatazama nje. Na mimi naijua hiyo sauti, ni yangu, ndiyo niliyomtumia babu yake.

Tulipofika nilimwacha apande na mama yake, nikagonga kwa jirani. Alikuwa amemshika mteja kichwa, hakusimamisha mikono. Nikamuuliza, mama, mafamu ni nini? Akacheka mpaka akaachia nywele.

"Papa, haujue? Mke wangu! Na monmari ni mume wangu."

Nikakaa kwenye kiti cha baba.

"Usikasirike," akasema. "Ile kosa ni yangu. Mtoto aliniuliza, maman, namna gani banasema mume wangu mu Kifaransa? Nikamwambia. Kwetu pia iko vile, babu yangu aliniita mke wake mpaka nikaolewa, alikataa hata kukula siku ya ndoa! Donc, sikuona mbaya. Mtoto alisema kwa Kiswahili papa atasikia, kwa Kiingereza madame wa shule atasikia. Kwa Kifaransa hakuna mtu wa kusikia."

"Alisema hivyo?"

"Vile vile. Na mzee alijifunza siku moja tu. Alikuwa anarudilia peke yake pale dirishani, ile neno, ile neno, asisahau."

Nilimwambia mke wangu. Alisema, na kama atalisema shuleni kwa Kifaransa? Nikamwambia hakuna atakayeelewa. Akasema, siku moja atakuwepo mmoja. Alikuwa sawa, ila alikuwa anafuta macho akiyasema hayo, na hakusema tena kwamba neno limekufa. Mimi nilikuwa na furaha na nilikuwa nimeumia, vyote kwa pamoja, sikuweza kuvitenganisha. Mtoto wangu alikuwa ametafuta mahali ambapo mimi simo ili ampende babu yake kwa raha, na mahali penyewe palikuwa ngazi chache chini ya kitanda changu.

Jumamosi simu ikaita. Nikaona pua na paji.

"Hujambo, mwanangu? Mjukuu wangu yupo?"

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu asubuhi. "Mke wako yupo," nikasema. "Ila nadai jogoo wangu, mkwe. Huko Mbeya amepumzika vya kutosha."

Paji la uso likatulia. Kisha simu ikaondoka usoni, kwa mara ya kwanza nikamwona mzee mzima, shingo, kanzu, ufizi. Alikuwa anacheka bila sauti. Nikampelekea mtoto simu chumbani, nikamwambia, mumeo huyo. Alinikodolea macho, akamtazama mama yake aliyekuwa mlangoni, mama yake akaangalia pembeni. Nikatoka nikaufunga mlango, nikawaacha peke yao.

Nilibaki kwenye korido nisikie. Nilidhani atamuuliza meno yako iko wapi. Nilingoja. Walikuwa wanacheka sana, wote wawili, na walikuwa wanaendelea na Kifaransa chao.